Godoro la Mama Eunice

Katika ukoo wa kina Nelius, pale Kanyakine, hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua sheria hii: mkwe na mama mkwe hawagusi malazi ya mwenziwe. Atakayeyagusa atatoa kondoo dume, na mpaka aliyekosewa atamke kwamba amempokea kondoo huyo, mkosaji haketi katika karamu yoyote ya ukoo. Injili ilikuja, shule zikaja, umeme ukaja, sheria haikuondoka.

Mutegi, mume wa Nelius, aliikumbuka sheria hiyo akiwa chali katika duka la magodoro mjini Meru, asiweze kuinuka.

Alikuwa ameletwa huko na shida ya kweli. Godoro la nyumbani lilikuwa limebonyea katikati kama hori la ng'ombe, na mgongo wake ulikuwa umechoka kulala ndani ya hori. Jumamosi wageni wangekuja kumposa binti yake, Mwendwa. Siku kama hiyo baba wa binti hukaa kitini kutwa nzima. Hainuki kila mara kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Ciku, mwenye duka, alimpokea kwa adabu na kumfundisha vema. "Mzee, godoro halinunuliwi kwa kubonyezwa na kidole kama parachichi. Lala kwanza. Halafu pitisha mkono chini ya kiuno. Ukipita kama panya shimoni, godoro ni gumu mno kwako. Usipopita kabisa, umezama. Ukipita kwa kubanwa kidogo, hapo mgongo umepata mwenzake."

Mutegi alijaribu matatu. La kwanza lilimmeza. La pili lilikuwa ubao. La tatu lilimsukuma pembeni kana kwamba halikumpenda. Kando ya ukuta palikuwa na jingine, limetandikwa juu ya kitanda, limekwisha kuvuliwa nailoni.

"Hilo limeuzwa," Ciku alisema, akaenda mlangoni kumsikiliza mteja mwingine.

Mutegi alijilaza juu yake kidogo tu. Mabega yakapata pa kuzama, kiuno kikapata pa kuegemea, mkono ukapita kwa kubanwa. Alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu mvua za Machi. Kisha akajaribu kuinuka, na kiuno kikajifunga kama kufuli.

"Ciku."

"Naam, mzee."

"Mgongo umekwama."

Ciku aligeuka, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wee mzee! Si nimekwambia limeuzwa? Mwenyewe anarudi kulichukua saa hii. Amepita tu soko la mifugo."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mama mmoja wa Kanyakine, anaitwa Mama Eunice. Ana fimbo, ana na maneno! Asubuhi alijigeuza hapo ubavu huu, ubavu ule, kama chapati kwenye kikaango. Nilimwonyesha laini, la watu wembamba kama yeye, akanifokea. Alitaka la kubeba mtu mzito."

Baada ya jina lile Mutegi hakusikia neno lingine. Mama Eunice ndiye aliyemzaa Nelius. Mkwe wake mwingine, Ngari, aliwahi kukalia ukingo wa kitanda chake akibadilisha balbu. Mama alimkatalia kondoo wake hadi misimu miwili ya mahindi ikapita, na Ngari akazikosa arusi za shemeji zake wawili kwa sababu ya balbu moja. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Nivute," Mutegi alisema.

Ciku alimvuta. Mutegi alipiga ukelele uliomfukuza mteja wa mlangoni.

"Mzee, una kilo ngapi wewe?"

"Vuta! Sikuja kupimwa!"

Mguu mmoja ulishuka, ukaning'inia, ukakataa kugusa sakafu na ukakataa kurudi. Mutegi akauangalia kama mguu wa mtu mwingine.

"Basi nifunike," akanong'ona. "Weka godoro lingine juu yangu."

"La futi sita? Nikuue, halafu nimwambie mkeo nini?"

Nje pikapu ilisimama. Fimbo iligonga saruji ya ngazi, ikagonga kizingiti, ikanyamaza. Mutegi alifumba macho, kana kwamba asiyeona haonekani.

"Baba Mwendwa." Ilikuwa sauti ileile aliyokuwa akiiheshimu kwa mbali tangu alipooa.

"Mama, nimekosa," Mutegi alisema, maneno yakikimbizana. "Mgongo ulinishika. Sikujua ni lako. Kondoo nitamleta leo hii, hata wawili, ila usinikatae, Mama. Mtoto asije akaposwa baba yake amesimama nje ya ua."

"Nyamaza kwanza."

Mutegi alifumbua macho. Mama mkwe wake alikuwa ameuelekeza uso ukutani, kama adabu ilivyotaka.

"Nelius aliniambia mgongo huo hautafika Jumamosi," alisema. "Godoro hilo nimelinunua liwe lako. Kisha, mjinga mimi, nikalipanda kulijaribu." Akainua fimbo, akaielekeza kwenye pikapu. "Kondoo yule pale. Nipokelee, Baba Mwendwa, nipate kuketi na mjukuu wangu."

"Nimempokea, Mama," alisema Mutegi, bado yu chali.