Pete Kwenye Pindo

Sudi mhunzi alisimama nje ya ua wa kiwanda cha mabomu, amemkazia macho Makame. Huyo ndiye aliyekuwa akichanganya baruti chumba kimoja na Tunu, mke wa Sudi. Kila asubuhi Tunu aliivua pete yake ya ndoa na kusema ni amri ya kazi. Sudi hakusadiki. Amri gani, kama si Makame?

Langoni, bibi mlinzi alishika kikapu, na wafanyakazi wakapita wakitumbukiza saa, pini za nywele, hata vifungo.

"Na pete pia, bibi?" Sudi aliuliza.

"Pete kwanza, mwanangu. Unga wa baruti, huu na ule, kila mmoja peke yake ni mpole kama sembe. Ukishachanganywa hautaki mchezo. Chuma kikikwaruza sakafu, cheche moja tu, hatupati hata cha kuzika."

Sudi aliukimbilia wavu wa ua. Asubuhi hii, Tunu alipokwisha kuivua, aliishona kwa siri pete ile ya chuma, aliyoifua kwa mikono yake, ndani ya pindo la sare ya Tunu, ili hata huko aende na alama ya mumewe.

Alimwita Tunu kwa nguvu zake zote, lakini mngurumo wa mashine ukalimeza jina.

Kule mbali, kwenye mlango wa chumba cha kuchanganyia, pindo lilimgonga Tunu kifundo cha mguu. Akasita, akatazama chini. Makame akageuka, akamuuliza kitu, akaanza kuinama.

Sudi aling'ang'ania wavu, akaomba kuliko alivyowahi kuomba maishani, mkono wa mwanamume yule uifikie nguo ya mkewe.