Taa ya Kushoto Iliyofifia

Castory alitaka taa mbovu.

"Hebu rudia," alisema mzee Mufaddal kutoka nyuma ya kaunta, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Balbu za zamani, mzee wangu. Zile za njano. Na ya kushoto iwe imefifia kidogo."

Mzee Mufaddal alikuwa akiuza vipuri vya magari hapo Usagara tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mteja wa namna hii hajapata kumwona. Juzi juzi tu alimfungia kijana huyu taa za LED kwenye pikapu yake, kwa mikono yake mwenyewe.

"Sikiliza, baba. Balbu ya halojeni inakula betri, inachemka, na mwanga wake kama kibatari. Zenoni inang'aa, sikatai, lakini inakawia kuwaka, na ikiingia maji umeumia. LED ukibonyeza tu, kumekucha! Shimo unaliona, mbuzi unamwona, hata sisimizi ukimtaka. Marehemu kaka yako nilimshauri hivi hivi akawa mbishi. Wewe umenisikia, leo tena unarudi nyuma?"

"Najua, mzee."

"Sasa shida nini?"

Castory alihamisha funguo za gari kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Nje, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba za pili, na kwao Mwera si hapo. Mara asimame mlangoni, mara arudi kaunta, mara achungulie simu, kutulia hawezi.

"Mama hali," alisema.

Mzee Mufaddal akashusha miwani.

Castory akaeleza haraka haraka. Mama yake, Benedikta, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Watu kwake ni vivuli, ila taa za gari bado anaziona. Alipoambiwa kuna msiba, alianguka, na alipozinduka akageukia ukutani, akakataa chakula. Robert, kaka yake, akazikwa, wageni wakatawanyika, mama bado anakunywa maji tu. Kisha jioni moja pikapu aliyoiacha Robert iliingia uani. Akaziona taa mbili za njano, moja imesinzia. Akainuka kitandani mwenyewe na kuomba ugali. Tangu hapo akawa anakula kila jioni, mradi zile taa azione kwanza. Sasa zimekuja hizi nyeupe, anasema hilo ni gari la watu.

"Ah, mwambie ni mwanawe!"

Castory akaziangalia funguo. "Sauti haiamini. Anasema sauti za wanawe zote ni moja. Gari ndilo analolijua."

Simu ikalia. Ilikuwa dada yake, Lea, na hakusalimia. "Kaka, leo hata uji ameutema. Midomo imekauka kabisa. Ukija na hizo taa nyeupe, usije."

Mzee alikuwa amesikia. Aliinama chini ya kaunta, akavuta boksi lenye vumbi, akatoa balbu mbili zilizofungwa kwenye gazeti.

"Zako hizi hizi. Kaka yako alivyozing'ang'ania, nikaona haya kuzitupa." Akazifunga mwenyewe, akijipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Na wewe je? Njia utaiona?"

"Nitakwenda polepole."

Hakwenda polepole. Alikwenda kama mtu anayefukuzwa, naye dereva hakuwa. Usukani aliujua juzi, kwa lazima tu. Ni karibu na Tongoni hapo nusura amuue mwendesha baiskeli aliyebeba nazi, na kesho yake akakimbilia LED. Leo giza lilimkuta palepale. Balbu zilimulika kipande kidogo cha barabara, mbele yake weusi mtupu. Lori likaja na taa zake kali, likamfumba macho, tairi zikakwaruza majani ya pembeni. Castory aliogopa. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kufika akute mama kalala usingizi ambao haamshwi. Akakanyaga mafuta.

Alipokunja kuingia uani alipiga honi fupi mbili, kama inavyotakiwa. Akazima injini lakini taa akaziacha. Akachukua kofia kwenye dashibodi, kofia iliyompwaya, akaivaa.

Lea alikuwa amesimama mlangoni na sahani iliyofunikwa. Aliashiria ndani kwa kidevu, na Castory akaona machozi yakimlengalenga.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ameuelekeza dirishani, mwanga wa njano ukimpiga mashavuni.

"Umechelewa," alisema. "Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Taa ziliharibika, mama. Nimezitengeneza."

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaigusa kofia. Akatabasamu. Castory akapokea sahani kwa Lea, akaifunua. Ugali ulikuwa bado wa moto, na dagaa wa nazi kama anavyowapenda.

"Kula, mama."

"Ngoja, Robert." Mama alimshika kiganja. "Kwanza tumwombee mdogo wako."

Lea akageuza uso. Mama akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho yake yasiyoona.

"Raha ya milele umpe Castory, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," Castory akajibu, akamsogezea sahani.