Pumzi Zilizokatwa

Mama wa marehemu alisikiliza ubeti wa mwanawe, ulivyopachikwa kwenye wimbo mpya wa msanii mwingine. Prodyuza alikuwa amemwandalia hadi karatasi za kufutia machozi, lakini mama hakulia. Alivua hedifoni, akazipakata.

"Mbona hapumui?"

"Pumzi tunazikata, mama. Zinachafua sauti."

"Mwanangu alikuwa na pumu. Hakuwahi kumaliza mistari miwili bila kutweta. Niwekee alivyorekodi mwenyewe, siku ile ya mwisho."

Prodyuza akageukia skrini. Vipande alivyovikata vilikuwa bado vipo kwenye kompyuta, vimejipanga chini ya ubeti kama kucha zilizokatwa. Alikijua kila kimoja. Cha nne kilikuwa na mluzi wa kifua. Cha saba kilikuwa na sauti ya marehemu ikiomba, "Kaka, nipumzike kidogo." Na nyuma yake sauti ya prodyuza mwenyewe, ikicheka: "Acha kudeka. Rudia."

"Ile ilifutika, mama," alisema.

Lakini mama alikuwa ameshavaa hedifoni tena, amefumba macho, anangoja. Uongo ule hakuusikia.

Prodyuza akavirudisha vipande vyote mahali pake, hata cha saba, akabonyeza kitufe cha kucheza.