Konzi Moja

Mashine ya mkate ilipolia, Nashilu alikata kipande cha kwanza, akakipaka asali, na mwanawe akakimbia nacho sebuleni.

Mkate ulitoka na rangi ya udongo. Unga wa ngano haukutosha, akajazia kikombe cha ulezi aliokuja nao mama mkwe jana kutoka Oldonyo Sambu.

"Mama, ulezi wako umekubali hata kwenye mashine," alisema.

"Ule si ulezi mtupu," mkwewe alijibu akicheka. "Ni unga wa lishe wa mjukuu wangu. Nimesagisha mwenyewe, na soya, na karanga."

Kisu kilikwama katikati ya mkate. Nashilu aliuinamia mvuke, akanusa. Sasa aliisikia, harufu aliyoipiga marufuku nyumbani tangu siku walipomkimbiza mtoto hospitali, midomo imevimba, pumzi inakata. Mkwewe hakuwahi kuambiwa. Angesema mtoto anadekezwa.

"Karanga, Mama?"

"Konzi moja tu, apate nguvu."

Mtoto alitokea mlangoni, mikono mitupu, asali kidevuni, anajikuna shingo.

"Mama, mbona ulimi unaniwasha?"