Karai la Chapati

Mama Blessing alikuwa anakwangua unga uliobaki kwenye karai aliposhtuka. Vitone vinne vya rangi ya fedha vilikimbia mbele ya kidole chake, vikagawanyika, vikaungana tena.

Zebaki.

Jana mumewe aliliazima karai hilo kukamatia dhahabu kwa zebaki. Alfajiri, kwa kuwa maji ya pale machimboni Nyarugusu ni ya kununua, Mama Blessing mwenyewe alilifuta kwa kitambaa tu, akakandia unga. Sasa chapati zote zilikuwa zimeshateremka shimoni na wachimbaji kumi na wawili, mumewe akiwemo.

Alikimbia peku mpaka kwenye kamba iliyozungushwa kwenye mdomo wa shimo. Mwanamke haivuki kamba hiyo. Akivuka, wanasema, dhahabu inahama.

"Waambie wasile!" alimpigia kelele mlinzi. "Chapati zangu zina zebaki!"

Mlinzi alicheka, akamwonyesha viganja vyake. "Zebaki hii tunayoishika kila siku? Rudi nyumbani, mama."

"Baba, nakuomba. Waite tu wapande," alisema akiisogelea kamba.

"Simama hapo hapo!"

Akainama, akapita chini ya kamba. Mlinzi alimdaka khanga, khanga ikabaki mkononi mwake. Mama Blessing alipiga magoti ukingoni, akaingiza kichwa gizani.

"Msile! Zitemeni! Zirudisheni zote juu!"

Sauti yake ilishuka mita hamsini. Kisha mumewe akajibu kwa hasira, mdomo umejaa chapati:

"Mama Blessing! Nani kakuruhusu kuvuka kamba?"