Fundo Jeusi Mchoroni

"Usiivue," Wiston alisema, akimfunga Bulugu simu kifuani kwa mkanda wa mpira. "Ukila, ukioga, ukilala. Ukiivua tu, mchoro umekufa."

"Siivui, mwalimu."

Bulugu alichunga ng'ombe wa mzee Malongo, Msukuma aliyehamia kijijini Nyantakara na mifugo yake. Mwanzoni simu ilifungwa shingoni mwa ng'ombe, lakini ng'ombe akaisugua kwenye mti mpaka kioo kikapasuka. Binadamu ana adabu zaidi.

Wiston alifundisha kompyuta katika sekondari moja mjini Biharamulo. Jumatatu aliondoka, Ijumaa alirudi kwa mkewe Joyness, kwenye nyumba yao iliyojitenga huko mashambani, yenye bati la bluu, la pekee kijiji kizima. Alichokipenda kuliko ualimu ni kuandika programu zinazochora zenyewe. Hii ya sasa ilichora nyendo za simu. Bulugu akitembea, mstari hukimbia, mwembamba na mwekundu. Akitulia mahali, mstari hujizungusha, hurudi juu ya njia yake na kuwa mweusi. Kisha programu huigeuza picha, huipindua na kuikunja mpaka ipendeze, na hapo hata aliyeiandika hajui tena kaskazini ni wapi.

Hakuna michoro miwili iliyofanana, ila kila mmoja ulikuwa na fundo jeusi, na ndilo watu walilolipenda. Walimu wenzake walisimama mbele ya ukuta wa ofisi alikoibandika, wakalitazama.

"Uhai wote uko hapa," mmoja wao alisema.

Wiston akacheka moyoni. Alijua hapo ni wapi.

Kiangazi kile majani yalikauka hadi mizizi. Ng'ombe wangekaa wapi mchana kutwa kama si ndani ya hifadhi ya msitu jirani, kwenye majani mabichi yaliyokatazwa? Ikijulikana, Bulugu ni jela, na kundi la Malongo litataifishwa lote. Wiston alipoyawaza hayo roho yake ilikuwa kwatu. Yeye hakufuga hata mbuzi. Msimu uliopita ng'ombe wale wale walimlia mahindi yake, na baraza la kijiji likamwambia ajenge uzio. Mvumilivu hula mbivu, na yeye alikuwa amevumilia vya kutosha.

Akaandaa maonyesho katika ukumbi wa kata. Akawaalika mwenyekiti wa kijiji, mzee Malongo na yeyote mwenye miguu ya kumfikisha. Viti vya mbele aliwawekea askari wawili wa hifadhi.

"Kesho nitatandika ramani chini ya mchoro," alimwambia Joyness mezani. "Ramani ya setilaiti. Mpaka mti mmoja mmoja unaonekana."

Joyness alikuwa akimmiminia maziwa. Mengine yakamwagika mezani.

"Ya nini ramani? Mchoro peke yake unapendeza."

"Nataka watu waone anakoshinda yule mjinga."

"Muonee huruma, baba. Naye ni mtoto wa watu."

"Huruma haikunirudishia mahindi yangu."

Joyness akapiga magoti, akamshika miguu, akamwomba kwa jina la Mungu. Wiston alimtazama kwa utulivu, akamalizia maziwa yake. Wanawake wana mioyo laini, aliwaza, na akaona utamu wa jambo lile umeongezeka.

Mjini angeweza kuifungua ramani siku yoyote. Hakutaka. Nyama ya sikukuu hailiwi kabla ya sikukuu.

Ukumbi ulijaa. Mchoro ulipotokea ukutani, fundo lilikuwa pana kama ungo, na watu wakapiga makofi.

"Kumbe ng'ombe wangu wanatembea vizuri hivi!" mzee Malongo akasema, watu wakacheka.

Bulugu alikaa karibu naye, kavaa shati lililofuliwa na kunyooshwa, simu bado iko kifuani. Hakuna aliyemwambia aivue.

"Mwalimu, huo mcholo ni wangu?" aliuliza.

"Ni wako, Bulugu. Hebu waambie watu. Uliwahi kuivua simu hata siku moja?"

"Hapana, mwalimu. Ulinikataza."

"Hata ulipolala?"

Bulugu akainamisha kichwa. "Hata nilipolala."

"Mmemsikia wenyewe," Wiston aliwaambia askari. Mmoja wao akachukua kofia yake kutoka magotini, akaivaa.

Wiston akabonyeza. Ukutani mchoro ukaanza kujikunjua, ukageuka taratibu kurudi ulikotoka, na chini yake ramani ikaanza kujitokeza, kipande baada ya kipande. Yeye aliupa ukuta kisogo. Alikuwa amengoja msimu mzima kuuona uso wa Bulugu, na hakutaka kupoteza hata kidogo.

Uso ulikuwa vile vile alivyoutaka. Jasho lilimtiririka Bulugu mpaka kwenye mkanda wa mpira.

Mwanamke mmoja nyuma akaguna. Joyness akajifunika kanga usoni, akapenya katikati ya watu na kutoka nje. Hana moyo wa kutazama, Wiston aliwaza, na aende.

"Mbona kimya?" akasema kwa sauti. "Fundo limeangukia wapi? Mzee Malongo, ng'ombe ni wako. Sema wewe, wakusikie!"

Mzee alikohoa. Akautazama ukuta, akamtazama Bulugu, akautazama ukuta tena.

"Mwalimu, macho yangu ni ya kizee," alisema polepole. "Lakini pale mimi sioni msitu. Naona bati. La bluu."