Kompyuta Nyumbani kwa Kasiva

Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Kasiva alikuwa ameliweka pale kabla fundi hajavuka geti, na sasa ameketi kwenye kigoda karibu nalo, akichagua ndengu kwenye ungo bila kumwondolea mgeni macho.

Duka la kompyuta kule Mbumbuni lilikuwa limemwahidi msichana anayeitwa Sandra. Badala yake amekuja mwanamume mrefu mwenye begi la vifaa, akasema jina lake ni Evanson na kwamba Sandra anaumwa na jino.

"Na hilo jino ndilo limekutuma wewe?" Kasiva aliuliza.

"Tulibadilishana tu, Mama."

"Mimi si mama yako. Fanya kazi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mitumba, lakini ilikuwa imekula ndengu za misimu miwili. Walimu walikuwa wamesema kazi nyingine sasa zifanywe kwa kompyuta, na wajukuu wake, Kathini na Ndeti, walikuwa wakirudi nyumbani vichwa chini. Hao wawili ndio aliobaki nao. Mama yao, Nduku, binti yake wa pekee, alirudi kutoka mjini akiwa na mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na kabla wa pili hajaota meno akazikwa hapo nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo Kasiva hakuruhusu mtu asiyemjua kuwakaribia watoto wale. Aliyetaka kuwagusa angeanza na yeye.

Na huyu wa leo maswali yake yalikuwa mengi. Aliuliza kama dirisha lina vyuma. Akauliza kama watoto hulala chumba hicho hicho. Akauliza hutoka shule saa ngapi.

"Saa yao unaitakia nini? Umekuja kufunga waya ama kuhesabu watu wa hii boma?"

Fundi akajibu kwa upole kwamba anataka kuipangia kompyuta saa za kujizima, watoto wasije wakashinda kwenye gemu. Kisha akainama tena chini ya meza. Alikuwa mtu wa kuinama sana. Kasiva aliwajua watu wa namna hiyo. Huja mchana kuhesabu vitu, halafu vitu vinakosekana.

Hata hivyo alimpa chai, maana kwake hata mwizi angepewa chai. Sukari tu ndiyo hakumwekea. Fundi akanyoosha mkono wa kushoto kupokea, naye Kasiva akakirudisha kikombe nyuma.

"Kwenu hakukuwa na mtu wa kukufunza kupokea?"

Fundi akaomba msamaha. Alisema ndivyo alivyozaliwa, hata shuleni alichapwa kwa sababu hiyo, lakini mkono ukakataa. Akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akakiweka chini. Chai ikapoa pale pale.

Kompyuta ilipowaka, ilitaka jina la mzazi. Fundi akauliza, macho kwenye skrini, kama aandike baba wa watoto.

"Baba?" Kasiva alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Huyo alishindwa na mbuzi tatu. Mbuzi tatu tu za ntheo, za kufungua posa, za kuniambia amemwona msichana wangu. Hata kwa matanga hakuonekana. Sijawahi kuona uso wake, na msichana aliingia kaburini bila kumtaja. Andika mimi. Hapa mimi ndio baba."

Fundi akaandika polepole sana, kama mtu aliyesahau herufi ziko wapi. Akauliza watoto wanaitwaje.

"Kathini. Na Ndeti."

Vidole vikakimbia. Kasiva akauacha ungo, akasogea nyuma yake. Pengine fundi alidhani huyu ni bibi wa kutazama picha tu. Lakini Kasiva alifika darasa la nne kabla ya kutolewa shule akachunge mbuzi, na herufi zake hakuzipoteza. Alizifuata moja moja, midomo ikicheza. Kathini Nduku. Ndeti Nduku. Jina la Nduku yeye hakuwa amelitaja.

Akarudi kwenye kigoda. Ndengu hakuzigusa tena.

Watoto wakaingia wakikimbia, mikoba ikiwapiga mgongoni. Kathini ndiye aliyewahi kiti. Maus ilikuwa upande wa kushoto wa kibodi, alipoiweka fundi, na mkono wa mtoto ukaiendea moja kwa moja, mkono ule ule ambao Kasiva aliukemea miaka yote mezani bila kuushinda. Ndeti akalalamika kwamba maus iko upande mbaya. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza, akamwonyesha jinsi ya kuihamisha, akamrudishia dada yake Kathini, akaanza kumwelekeza kwa kidole cha kushoto. Kasiva akaitazama ile mikono miwili ya kushoto juu ya meza mpaka macho yakamwasha.

"Kazi imeisha," akasema. "Toka."

Fundi akafungasha. Aliukunja waya uliokuwa umekunjwa tayari, akaukunjua, akaukunja tena. Kasiva akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa panga.

"Susu," Ndeti akamshika bibi yake gauni, "amekosa nini?"

Kasiva alimsindikiza fundi hadi getini, panga likining'inia mkononi, yeye nyuma na mgeni mbele, kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Pale fundi akageuka. Akasema ikiharibika asiite mtu mwingine, ampigie yeye, na hata isipoharibika anaweza kupitia Jumamosi kuiangalia tu.

"Jumamosi njoo," Kasiva akasema, na sauti yake haikulainika hata kidogo. "Lakini hilo begi uliache kwenu. Njoo na wazee wenu, na zile mbuzi tatu."

Fundi hakuuliza mbuzi gani.